Kufundisha Uchunguzi wa Injini Inayochemsha

Miongoni mwa mada za ufundi wa magari, hii ya injini kuchemsha ndiyo ambayo mwalimu huelekea kuiona nyepesi kuliko nyingine. Mwanafunzi amekwisha kuona gari limesimama kando ya barabara, boneti limefunguliwa na mvuke unafuka. Hahitaji kuelezwa kwamba pana ubovu. Tena sehemu zinazohusika si nyingi: rejeta na mfuniko wake, pampu ya maji, themostati, feni, mkanda na mipira miwili mitatu. Mwalimu huzichora ubaoni, akaeleza kazi ya kila moja, kisha akatoa orodha ya sababu kumi au kumi na mbili zinazoweza kuifanya injini ichemshe. Wanafunzi huinakili orodha hiyo, huikariri, na siku ya mtihani huirudisha kama walivyoipokea. Hapo somo huhesabiwa kuwa limekwisha.

Upungufu wa somo la namna hii hauonekani darasani. Huonekana siku mwanafunzi aliyehitimu anaposimama mbele ya gari la mtu. Kwa kuwa alicho nacho ni orodha, hana njia ila kuifuata. Huanza na themostati. Gari likichemsha tena, hubadilisha pampu. Likichemsha tena, hushauri rejeta inunuliwe mpya. Kila hatua hulipiwa na mwenye gari, naye aghalabu ni mtu anayelitegemea gari hilo kwa chakula cha nyumbani. Ubaya zaidi ni kwamba wakati wote wa kubahatisha huko injini inaendelea kuchemshwa. Silinda hedi ya aluminiamu ikipata joto kupita kiasi hupinda, gasketi yake ikaungua, na ubovu ambao ungeondolewa kwa fedha kidogo ukageuka kuwa wa kufungua injini nzima.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kulifundisha somo hili ili mwanafunzi ajifunze kutafuta ubovu kwa hoja kabla ya kushika spana. Mifano yetu mingi tumeitoa katika Peugeot 504 ya petroli. Gari hilo lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, likaenea sana Afrika Mashariki kama teksi na gari la abiria, na aina zake zilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1975 na 1978. Sababu yetu ya kulichagua, hata hivyo, si sifa hizo. Tumelichagua kwa kuwa kila sehemu ya mfumo wake wa kupoza injini huonekana na kushikika. Gari la kisasa lina kompyuta inayowasha feni na kumwonyesha fundi namba ya kosa; mwanafunzi akianza nalo hujifunza kusoma namba. Akianza na gari la zamani hulazimika kujiuliza joto limekwama wapi. Swali hilo litamfaa hata katika gari la kisasa, maana namba ya kosa haisemi kwamba rejeta imeziba.

NJIA YA JOTO

Kabla ya kutaja ubovu wowote, mwalimu aanze na swali la asili: joto hili linatoka wapi na linakwenda wapi? Petroli inapoungua ndani ya silinda, ni robo hadi theluthi tu ya nishati yake inayogeuka kuwa kazi ya kulisukuma gari. Sehemu kubwa ya iliyobaki hugawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya moshi unaotoka kwenye ekzosi na maji yanayoizunguka injini. Wanafunzi wengi hushangaa kusikia kwamba joto linalotupwa na rejeta ya gari lililo mwendoni linakaribia kulingana na kazi inayofanywa na magurudumu. Mshangao huo una manufaa. Unawafanya waione rejeta kuwa kiungo chenye kazi nzito, wala si tangi la maji tu.

Kisha ichorwe njia yenyewe kwa mishale. Joto hutoka kwenye chuma cha silinda na kuingia katika maji. Maji hulichukua hadi kwenye rejeta. Rejeta huikabidhi hewa joto hilo. Vituo ni vitatu, na kila ubovu una kituo chake. Maji yakipungua, au ukoko ukiganda juu ya chuma, joto hukwama kituo cha kwanza. Pampu, themostati, mkanda uliolegea na mpira uliobanana ni vya kituo cha pili. Feni, mapezi ya rejeta yaliyojaa udongo na wadudu, na kava la feni lililong'olewa na kutupwa ni vya kituo cha tatu. Husalia ubovu wa aina moja tu usioingia humo, nao ni ule wa injini kuzalisha joto kupita kiasi: cheche inayochelewa, mchanganyiko wenye petroli haba, breki zinazokaba.

Mchoro huu uachwe ubaoni mpaka mwisho wa mada. Tumeona kwamba mwanafunzi aliyeuelewa huweza kuitunga orodha ya sababu yeye mwenyewe, na ile aliyoitunga haimtoki.

MAHOJIANO NA MWENYE GARI

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo vitabu vingi vya ufundi huipita kwa mstari mmoja, nasi tunaona ndiyo kiini cha somo. Swali kubwa la uchunguzi ni hili: gari linachemsha lini? Si kwa nini, bali lini. Anayejibu swali hilo ni mwenye gari, wala si injini. Lakini mwenye gari hatoi jibu lake kwa mpangilio ule anaoutaka fundi. Ana haraka, ana wasiwasi, na mara nyingi amekwisha kuambiwa mambo mengi na watu wengine. Kumhoji ni kazi inayofundishika, na njia bora ya kuifundisha ni igizo. Mwanafunzi mmoja apewe karatasi yenye habari kamili za gari, awe ndiye mwenyewe. Mwenzake awe fundi. Darasa lisikilize na kuandika. Mazungumzo huweza kuwa hivi:

Fundi: Shikamoo, mzee. Gari lina tatizo gani?

Mwenye gari: Marahaba, mwanangu. Linachemsha.

Fundi: Huchemsha likiwa linakwenda au likiwa limesimama?

Mwenye gari: Aa, hili huchemsha wakati wote.

Fundi: Pole sana, mzee. Jana ulikwenda nalo wapi?

Mwenye gari: Jana nilipeleka abiria Kibaha, nikarudi na wengine.

Fundi: Mshale wa joto ulipanda ukiwa wapi?

Mwenye gari: Kwenda, haukupanda. Kurudi pia njia nzima ulitulia. Ulipanda nilipokwama kwenye foleni ya kuingia mjini.

Fundi: Na foleni ilipoachia?

Mwenye gari: Ulishuka kidogo. Kisha tukasimama tena, ukapanda mpaka nikazima.

Fundi: Maji huongeza kila baada ya siku ngapi?

Mwenye gari: Siongezi, ila likichemsha.

Darasa liulizwe: lile jibu la "wakati wote" lilikuwa na maana gani? Mwenye gari hakusema uongo. Alieleza uchovu wake. Fundi naye hakumbishia. Aliacha swali la jumla akauliza la siku moja na safari moja, na hapo habari ikatoka. Mwalimu alisisitize jambo hili, kwa kuwa mwanafunzi mwenye haya huridhika na jibu la kwanza, na mwenye majivuno humkatiza mzee kabla hajamaliza.

Baada ya igizo kila mwanafunzi aandike katika daftari lake kituo anachokishuku na sababu yake, kabla boneti halijafunguliwa. Huo ndio utabiri wake, na asiruhusiwe kuufuta.

MJINI AU SAFARINI

Katika mfano huu gari huchemsha likisimama na kupoa likienda. Mwanafunzi aongozwe kuona kwamba jibu limo katika tofauti kati ya hali hizo mbili. Gari likienda kwa kasi ya kilometa 80 kwa saa, upepo wa mwendo wenyewe hupita kwenye rejeta, feni haihitajiki. Likisimama, hewa yote huvutwa na feni. Basi rejeta iliyoweza kulipoza gari njia nzima haikosi kuwa wazi, na pampu iliyoyasukuma maji hadi Kibaha na kurudi haikosi kuwa nzima. Kinachoshukiwa ni kituo cha tatu, hasa feni.

Hapo ndipo Peugeot 504 inapokuwa mwalimu mzuri. Katika gari nyingi za zamani feni imefungwa moja kwa moja kwenye puli ya pampu, huzunguka kila injini inapozunguka. Katika 504 nyingi za petroli, kama ilivyokuwa katika 404 iliyoitangulia, feni hushikwa na sumaku ya umeme. Maji yakiwa baridi, puli huzunguka na feni hubaki ikizungushwa kivivu au ikisimama. Maji yakipata joto, swichi inayohisi joto hilo hupitisha umeme, sumaku hukamata, na feni huzunguka kwa nguvu. Mpango huu huipunguzia injini mzigo safarini. Lakini umeme hauna budi kufika kwenye kitu kinachozunguka, na hufika kwa njia ya kijiti cha kaboni kinachosugua pete iliyo nyuma ya puli. Kaboni hiyo huliwa polepole kwa miaka. Inapofupika hata isiiguse pete, feni huacha kukamata, na gari huanza kuchemsha mjini bila kelele wala dalili nyingine yoyote.

Fundi asiyelijua gari hili hufanya makosa ya namna mbili. Huenda akaona feni haizunguki kwa nguvu asubuhi, injini ikiwa baridi, akadhani imekufa ilhali ni nzima. Au akafika injini ikiwa ya moto, akaona feni inayumba kidogo kwa upepo wa puli, akadhani inafanya kazi. Kipimo ni chepesi: injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, swichi ya joto ipitwe kwa kipande cha waya. Sumaku ikiwa nzima itasikika ikigonga, na feni ikizungushwa kwa mkono haitateleza juu ya puli. Isipogonga, umeme ufuatwe kwa taa ya majaribio kutoka fyuzi mpaka kwenye kaboni.

Gari moja la aina hii liliwahi kuletwa karakanani kwetu likiwa na pampu mpya na rejeta iliyotoka kusafishwa kwa gharama kubwa mahali pengine. Mwenyewe alikuwa dereva wa teksi, na gari lilikuwa limelala siku tisa. Wanafunzi walimhoji kama tulivyoonyesha hapo juu, na kati ya wanafunzi kumi na wanne, kumi na mmoja waliandika feni katika utabiri wao. Kaboni ilikuwa imebaki kipande kisichozidi punje ya mchele. Sehemu ya kuibadilisha ilikuwa ya bei ndogo kuliko petroli aliyoichoma dereva yule kwa kuzunguka kutafuta fundi.

MLIMANI

Hali ya pili ni ya gari lisilochemsha mjini ila kwenye mwendo mkali au mlima mrefu. Mwanafunzi wa Iringa hahitaji mfano mwingine zaidi ya Kitonga. Pale injini hufanya kazi ya juu kabisa kwa muda mrefu huku mwendo ni mdogo, na joto linalozalishwa ni kubwa mno kwa rejeta iliyoziba nusu. Feni inaweza kuwa nzima kabisa. Rejeta hupimwa kwa mkono: injini ipashwe moto vya kutosha, izimwe kabisa, ufunguo utolewe, kisha uso wa rejeta upapaswe kwa uangalifu. Palipo baridi kuliko majirani pameziba. Wanafunzi waichore ramani ya sehemu hizo katika daftari.

Kama rejeta ni wazi, mpira wa chini utazamwe. Huo uko upande wa kuvutwa na pampu. Ukiwa umezeeka na kulainika, pampu ikivuta kwa nguvu hubanana kama mrija wa karatasi, na injini ikizimwa hurudi katika umbo lake. Kwa hiyo anayeutazama gari likiwa limesimama huuona mzima. Mwanafunzi mmoja aongeze mzunguko wa injini na mwingine autazame, nguo na mikono ikiwa mbali na feni. Baada ya hapo cheche ipimwe. Cheche inayochelewa huufanya moto uendelee kuungua wakati pistoni inashuka, hivyo kuta za silinda na njia za ekzosi hupata joto ambalo lilipaswa kuwa kazi. Dereva atasema gari limekosa nguvu na linakula petroli. Hayo mawili yakitajwa pamoja na kuchemsha, mwanafunzi aikumbuke distributa.

Mlima una somo jingine, ambalo mwalimu wa fizikia atafurahi kulisaidia. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Kila tunapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja, na mjini Iringa maji ya wazi huchemka kwa takriban nyuzi 95. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta, ambao huyafunga maji chini ya shinikizo. Mfuniko wa pauni 13 kwa inchi ya mraba hukipandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Mfuniko wenye mpira uliokatika au springi iliyolegea huipokonya injini nyuzi zote hizo, na gari ambalo pwani lilivumilia huanza kumwaga maji nyanda za juu. Tumeona mara nyingi rejeta ikilaumiwa kwa kosa la mfuniko. Mwalimu akusanye mifuniko mibovu. Ni zana ya kufundishia isiyo na gharama.

THEMOSTATI NA IMANI ZAKE

Kama kuna kiungo kilichodhulumiwa katika karakana zetu, ni themostati. Gari likichemsha, wengi huing'oa na kuitupa, na wengine huing'oa kutoka kwenye gari lisilo na ubovu wowote kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto. Mwanafunzi huja chuoni akiwa amekwisha kuiona desturi hiyo kwa macho yake, kwa hiyo kumwambia tu kwamba ni mbaya hakutoshi.

Somo lifanywe kwa sufuria. Themostati itundikwe kwa uzi ndani ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa chini ya sufuria, na maji yapashwe moto juu ya jiko la mkaa. Themostati iliyopigwa chapa ya nyuzi 82 huanza kufunguka karibu na kiwango hicho na huwa wazi kabisa nyuzi kumi au zaidi kidogo baadaye. Wanafunzi waandike joto kila baada ya nusu dakika na kuchora mchoro wake. Ipimwe moja nzima na moja iliyokwama, kisha wazitofautishe bila kuambiwa. Kwa kipimo hicho hicho wataelewa dalili yake ndani ya gari: themostati iliyokwama ikiwa imefunga huifanya injini ichemshe mapema, dakika chache tu baada ya kuwashwa, huku rejeta na mpira wa chini vikiwa bado baridi.

Ndipo liulizwe swali la kuing'oa. Hapa mwalimu awe mwangalifu, maana pana imani mbili zinazopingana na zote zina kasoro. Wengine husema injini bila themostati itapoa zaidi. Wengine hujibu kwamba itachemsha, kwa kuwa maji yatapita upesi mno kwenye rejeta hata yasipate nafasi ya kupoa. Hoja hii ya pili huvutia lakini si kweli: maji yakizunguka upesi zaidi, hurudi kwenye rejeta mara nyingi zaidi, na rejeta hutoa joto zaidi wala si pungufu. Ukweli ni kwamba katika injini nyingi themostati ina kazi ya pili. Inapofunguka huifunga njia fupi inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini tu bila kuiona rejeta. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya magari huchemsha zaidi baada ya kuing'oa. Mengine hayachemshi, yenyewe huendeshwa yakiwa baridi, yakala petroli, oili ikachafuka upesi na silinda zikalika. Hasara hiyo haitoi mvuke, kwa hiyo hakuna anayeihesabu.

MAJI YANAPOTEA BILA KUVUJA

Mwenye gari akisema anaongeza maji kila siku na chini ya gari hapana tone, uchunguzi hubadilika. Kwanza mshale wa joto usiaminiwe: kihisio chake kinapokosa maji na kubaki katika mvuke, huenda ukaonyesha hali ya kawaida hali injini inaungua. Kisha inashukiwa gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, oili inayofanana na chai ya maziwa, na mpira wa juu kuwa mgumu muda mfupi tu baada ya kuwasha injini baridi, kabla joto halijaweza kuleta shinikizo hilo.

Kuna kipimo kimoja ambacho tungependa kila chuo kikifanye, kwa kuwa hukiunganisha chumba cha kemia na karakana. Gasketi iliyoungua huruhusu gesi ya silinda kuingia katika maji, na gesi hiyo ina kaboni dayoksaidi kwa wingi. Injini ikiwa baridi, mfuniko utolewe na maji ya rejeta yapunguzwe kidogo. Kisha injini iwashwe, na hewa iliyo juu ya maji ivutwe kwa kipira safi cha kunyonya na kupulizwa ndani ya maji ya chokaa yaliyo meupe kama maji ya kunywa. Yakigeuka kuwa na ukungu wa maziwa, gasketi au silinda hedi ina ubovu. Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na moshi wa ekzosi, na asiwepo wa kuvuta kwa mdomo: pumzi ya mtu nayo huyatia maji ya chokaa ukungu, na mwanafunzi ataipeleka silinda hedi kukwanguliwa kwa kosa la mapafu yake. Injini isiachwe mpaka ipate moto hali mfuniko uko wazi.

Kuhusu maji yenyewe neno moja. Dawa ya rejeta hudhaniwa kuwa ni kitu cha nchi za barafu, kwa sababu hiyo wengi hutumia maji matupu, pengine ya kisima chenye chumvi. Dawa hiyo huzuia pia kutu na ukoko, na katika injini yenye silinda hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, kama ilivyo 504, kinga hiyo ni ya lazima.

USALAMA NA UPIMAJI

Mwanafunzi asifungue mfuniko wa rejeta yenye moto. Hilo huandikwa ukutani katika kila karakana, lakini mwanafunzi huamini zaidi akijua kiasi cha hatari. Maji yaliyo katika nyuzi 110 chini ya shinikizo hayachemki. Shinikizo likiondolewa ghafla, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo. Hesabu ya kidato inaonyesha kwamba kila lita moja ya maji hayo hutoa takriban lita 30 za mvuke, na mvuke huo hutoka na maji ya moto kupitia tundu lililo usawa wa uso wa anayefungua. Kanuni yetu ni kwamba mfuniko haufunguliwi mpaka mpira wa juu uweze kushikwa na kubanwa kwa mkono mtupu bila kuunguza wala kuwa mgumu. Wala maji baridi yasimwagwe ndani ya injini yenye moto. Chuma kilichotanuka kikipozwa upande mmoja hupasuka.

Kwa mazoezi, mwalimu aweke ubovu wa kusudi. Kipande cha boksi mbele ya nusu ya rejeta huiga kuziba. Fyuzi ya feni ikitolewa huiga kaboni iliyokwisha. Themostati iliyokwama hurudishwa mahali pake. Cheche hucheleweshwa kwa nyuzi chache kwenye distributa. Injini izimwe mara mshale unapokaribia eneo jekundu, na mwalimu asiondoke kando yake. Ubovu mmoja kwa siku unatosha. Wanafunzi wakizoea, uwekwe miwili, au usiwekwe wowote. Siku hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwani aliyezoea kupata ubovu ataubuni.

Katika alama, tunapendekeza kwamba kati ya 20, alama 6 ziwe za mahojiano, 6 za utabiri na hoja yake, 5 za vipimo vilivyochaguliwa na mpangilio wake, na 3 tu za kuondoa ubovu. Baadhi ya walimu wenzetu wamelipinga hili wakisema fundi hulipwa kwa kutengeneza. Ni kweli, lakini kubadilisha kaboni ya feni kunafundishwa asubuhi moja, na mwanafunzi atakayeigundua kwa bahati baada ya kufungua pampu asipate alama sawa na aliyeifikia kwa hoja. Utabiri uliokosea lakini wenye hoja nzuri upewe alama zake, mradi mwanafunzi ameandika ni kipimo kipi kilichomwonyesha kwamba amekosea.

Mwisho wa zoezi mwalimu mwenyewe aikague injini: cheche irudishwe mahali pake, fyuzi itiwe, na kile kipande cha boksi kiondolewe mbele ya rejeta kabla gari halijatoka nje ya karakana.